Speke wa ghuba yetu alizikwaje ndani ya kanisa la kijijini?

Swali: "Mimi ni mwalimu wa historia katika sekondari moja Mwanza. Kila mwaka nafundisha habari za John Hanning Speke, yule mpelelezi Mwingereza ambaye Ghuba ya Speke ya Ziwa Victoria ina jina lake, na kila mwaka hakosi mwanafunzi wa kuuliza alizikwa wapi. Nimesoma kwamba kaburi lake liko ndani ya kanisa dogo la kijiji kinachoitwa Dowlish Wake, Uingereza. Mdogo wangu anaishi Bristol, na mwakani nikijaliwa nitamtembelea, ameahidi kunipeleka. Naomba unieleze mambo matatu. Kwa nini mtu aliyevuma kiasi kile azikwe kijijini, si London pamoja na Livingstone? Kwa nini ndani ya kanisa, si makaburini? Na nikifika, niangalie nini?"

Mwalimu, ahsante. Maswali yako mawili ya kwanza yana jibu moja, na jibu hilo ni la kiukoo kabla ya kuwa la kidini. Speke alizikwa Dowlish Wake kwa sababu pale ndipo walipolala wazee wake. Ukoo wake ulikuwa na ardhi sehemu ile ya Somerset tangu karne ya 15, na marehemu wao walikuwa na upande wao kanisani, kama vile kwetu mji mkubwa unavyokuwa na kiwanja chake cha makaburi nyuma ya migomba. Mtu wa ukoo akifia kwingine, anarudishwa kwao. Speke alifia mkoa wa jirani, Wiltshire, akaletwa nyumbani.

Ila nikiishia hapo nitakuwa nimekudhulumu, maana ili uelewe kwa nini nyumba ya ibada ya kijiji kizima iwe na upande wa ukoo mmoja, inabidi turudi nyuma kidogo.

Sisi tukisikia kanisa la parokia, tunawaza jengo lililosimamishwa na waumini kwa michango, harambee na mifuko ya saruji ya Jumapili hadi Jumapili. Kanisa la kijiji la Kiingereza mara nyingi halikuanza hivyo. Yaliyo mengi yaliota mizizi kati ya karne ya 10 na ya 12, pale mwenye ardhi alipojenga kanisa karibu na nyumba yake, akalitengea kipande cha ardhi cha kumlisha kasisi, na kubaki na haki ya kumchagua kasisi huyo. Wakulima walitoa zaka, yaani fungu la kumi la nafaka, manyoya ya kondoo, watoto wa nguruwe, hata asali. Mpaka wa parokia ukafuata mpaka wa ardhi ya bwana yule. Kwa hiyo tangu mwanzo kanisa lilikuwa la Mungu, la kijiji, na la mwenye ardhi, yote matatu kwa wakati mmoja, na katika mawe yake utaona hao watatu wakigawana nafasi.

Dowlish Wake yenyewe inalitangaza jambo hili katika jina. Dowlish ni kijito kinachopita pale. Wake ni ukoo wa mabwana walioishika ardhi hiyo zamani. Kizazi chao cha kiume kilipokatika katika karne ya 14, ardhi ilipita kwa binti, ikaingia ukoo wa Keynes kwa ndoa, na karne iliyofuata, kwa ndoa tena, ikaangukia kwa akina Speke. Jina la kijiji halikubadilika. Ndani ya kanisa la Mtakatifu Andrea kuna sanamu ya mawe ya Isabel Wake, bibi wa karne ya 14, amelala chali. Ukisimama karibu naye unasimama kwenye kiungo chenyewe cha mnyororo: bila mwanamke huyu akina Speke wasingekuwa na haki ya kulala pale.

Sanamu hizi za kulala naomba uzipe muda. Utaziona katika makanisa mengi ya Uingereza, si hapo tu. Mtu amenyooshwa juu ya jiwe, viganja vimekutanishwa kifuani kwa sala, kichwa juu ya mto wa jiwe, miguuni mnyama mdogo, mara mbwa, mara simba. Sogea, inama. Pua mara nyingi imekatika. Vidole vimeliwa hadi vimekuwa kama vya mtu aliyevaa soksi mkononi. Mikunjo ya gauni bado ipo, imechongwa kwa subira kiasi kwamba unaweza kuifuata kwa jicho kutoka kiunoni hadi kwenye kisigino. Na katika mengi utakuta herufi na miaka iliyokwaruzwa kwa kisu na vijana wa karne ya 17 au 18 waliochoshwa na mahubiri. Kuna mwongozaji atakayekuambia kwamba sanamu ya askari aliyepishanisha miguu ni ya mtu aliyekwenda vita vya msalaba. Usiandike daftarini. Wapo waliokwenda vita hivyo na wamelala miguu imenyooka, na wapo waliopishanisha bila kuvuka bahari. Ulikuwa mtindo wa wachongaji.

Kwa nini basi walitaka kulala ndani? Kabla ya Uingereza kuachana na Roma, Mkristo aliamini kwamba roho yake baada ya kufa inahitaji sala za walio hai. Mahali palipo karibu na madhabahu palikuwa bora, kwa sababu pale misa husomwa kila siku, na jina lako likiwa machoni pa kasisi halisahauliki. Wenye uwezo walijenga vikanisa vya pembeni, wakamwachia kasisi mali ya kumlipa aombee roho zao miaka na miaka. Mwaka 1547, katika utawala wa kijana Edward VI, sheria ilifuta taasisi hizo na serikali ikachukua mali zake. Sala zikakoma. Lakini vikanisa vya pembeni vilibaki vimesimama, na familia zile zile zikaendelea kuzikwa humo. Sababu ya kidini ilikuwa imeondoka, ikabaki heshima. Hapo ndipo maandishi ya makaburi ya Kiingereza yanapobadilika sauti. Jiwe la zamani lilimwomba mpita njia amwombee marehemu. Jiwe la baadaye linamwelezea marehemu: alikuwa mwana wa nani, alioa wapi, alikuwa mwema kwa maskini kiasi gani.

Kuzikwa chini ya sakafu kulikuwa na gharama yake, na kadiri ulivyokaribia madhabahu ndivyo ulivyolipa zaidi. Kwenye makanisa mengi sakafu yote ni mawe ya makaburi, unatembea juu ya majina, na nyayo za karne tatu zimeyafuta nusu. Kufikia katikati ya karne ya 19 mambo yalizidi, hasa mijini, ambako miili ilirundikana na harufu ikawafukuza watu ibadani. Sheria za maziko za miaka ya 1850 zikafunga viwanja vingi vya makanisa ya mijini. Vijijini mabadiliko yalikwenda polepole zaidi. Ndiyo maana mwaka 1864 familia ya zamani kama ya Speke bado iliweza kumlaza mtoto wao kanisani.

Sasa tumfikie yeye. Alizaliwa tarehe 4 Mei 1827. Aliliona ziwa letu kwa mara ya kwanza tarehe 3 Agosti 1858, akitokea Tabora, ambako yeye na mpelelezi mwenzake Richard Burton walipokewa na mfanyabiashara Snay bin Amir aliyewaeleza kwamba kaskazini kuna ziwa kubwa kuliko la Ujiji. Hili uwasisitizie wanafunzi wako: alikwenda kutazama kitu ambacho wenyeji na wafanyabiashara walikuwa wakikijua, na kilikuwa na majina. Yeye akaongeza la malkia wake, na kwa kulitazama tu akaamini kwamba hapo ndipo Nile inapoanzia. Aliporudi safari ya pili akiwa na James Grant, alifika yanapotokea maji hayo, Jinja ya leo, tarehe 28 Julai 1862. Mwaka huo huo wa 1862 mafundi walikuwa wakimalizia kulijenga upya kanisa la kwao Dowlish Wake, chini ya msanifu James Mountford Allen wa mji wa jirani wa Crewkerne. Kanisa utakaloliona, basi, sehemu kubwa ni jipya kwa hesabu ya Waingereza. Wakati yeye yuko Buganda na Jinja, kwao walikuwa wanamtengenezea kaburi bila kujua.

Tarehe 16 Septemba 1864 alipaswa kujadiliana na Burton mbele ya wanasayansi katika mji wa Bath. Burton alisema hujathibitisha chanzo cha Nile. Speke alisema nimeiona. Siku moja kabla, alasiri, Speke alitoka kuwinda kwale na binamu yake katika shamba la mjomba wake huko Neston. Akapanda ukuta mfupi wa mawe, bunduki ikafyatuka, risasi ikamwingia ubavuni karibu na kwapa. Alifariki muda mfupi baadaye. Umri wake, miaka 37.

Fununu zilianza palepale kwamba alijiua kwa kuogopa mjadala, na hadi leo wapo wanaozirudia. Hapa sheria za maziko zinagusa moja kwa moja kaburi unaloliuliza, Mwalimu. Kitabu cha sala cha Kianglikana cha 1662 kinaagiza kwamba ibada ya maziko isisomwe kwa mtu aliyekufa bila ubatizo, aliyetengwa na kanisa, au aliyejitoa uhai. Sheria ya 1823 iliruhusu aliyehukumiwa kujiua azikwe katika uwanja wa kanisa, lakini usiku, kati ya saa tatu na saa sita, bila ibada. Agizo hilo la kuzika usiku lilidumu hadi 1882. Baraza la uchunguzi lililokaa mara baada ya kifo cha Speke lilitamka kuwa ilikuwa ajali. Kwa tamko hilo mlango wa kanisa ulifunguka mchana kweupe, na mazikoni alikuwapo Grant, alikuwapo David Livingstone, alikuwapo Sir Roderick Murchison, kiongozi wa Chama cha Kifalme cha Jiografia. Mimi binafsi naungana na baraza. Mtu anayetaka kujiua haelekezi bunduki ndefu kwapani huku anapanda ukuta. Mahali alipoanguka familia iliweka jiwe lenye maneno yanayotaja waziwazi mlipuko wa ajali wa bunduki yake. Unapoona jiwe la kumbukumbu linasisitiza neno kama hilo, ujue kuna uvumi lilikuwa linaujibu.

Ndani ya kanisa utakuta mnara wake wa kumbukumbu: sanamu ya kichwa na mabega, marumaru nyeupe, na jiwe jeusi. Watu wengi hupiga picha ya uso na kuondoka. Wewe tafuta nembo. Baada ya kifo chake, mwaka 1867, Malkia Victoria aliiongezea nembo ya baba yake heshima ya pekee: sehemu ya juu ya ngao ikawekwa maji yanayotiririka na neno Nile, na walioishika ngao kwa pande mbili wakawa mamba na kiboko. Fikiria hilo. Ukoo wa wakulima matajiri wa Somerset, ambao kwa miaka mia nne nembo yao haikuwa na uhusiano wowote na Afrika, sasa unashikiliwa na mamba na kiboko wa maji yale yale ambayo wanafunzi wako wanayaona wakitoka shuleni. Heshima aliyonyimwa akiwa hai, maana hakupewa cheo cha Sir, ilikuja kwa njia ya picha, na ikaenda kwa baba.

Na London? Kuzikwa Westminster Abbey, kanisa la London alimozikwa Livingstone, hakukuwa tuzo inayotolewa na serikali moja kwa moja. Kunahitaji ridhaa ya mkuu wa kanisa lile. Mwaka 1864 hoja ya Speke ilikuwa bado inabishaniwa na wakubwa. London walimsimamishia mnara wa mawe mekundu ya granaiti katika bustani ya Kensington, na maandishi yake ni ya tahadhari sana: kumbukumbu ya Speke, Victoria Nyanza na Nile, 1864. Hayasemi alivumbua. Hayasemi alithibitisha. Yanaweka majina matatu kando kando na kumwachia msomaji. Ukipita London usikose kuyasoma. Ni mafunzo mazuri ya namna kamati inavyoandika inapoogopa.

Aliyemthibitisha alikuja baadaye, naye amezikwa kijijini vilevile. Henry Morton Stanley mwaka 1875 alishusha mashua yake Kageye, kwenye hiyo hiyo Ghuba ya Speke, akalizunguka ziwa lote na kuona kwamba ni ziwa moja na mlango wa maji ni ule wa Jinja. Alipofariki Mei 1904, alitaka kulala Westminster karibu na Livingstone. Ibada ilifanyika huko, lakini mkuu wa Abbey, Joseph Armitage Robinson, alikataa kumpa kaburi. Akapelekwa Pirbright, kijiji cha Surrey alikokuwa na nyumba, katika uwanja wa kanisa la Mtakatifu Mikaeli, jengo ambalo sehemu yake kubwa ni ya 1784. Ukiwa na siku ya ziada, nenda na huko, ni mwendo mfupi kwa treni kutoka London.

Tofauti ya makaburi haya mawili ni somo la siku nzima. Stanley alizaliwa nje ya ndoa, akalelewa katika nyumba ya maskini huko Wales. Hakuwa na ukoo wenye kikanisa cha pembeni. Kwa hiyo yuko nje, kwenye nyasi, na mke wake Dorothy ikabidi amtengenezee ukale. Aliagiza nyika za Dartmoor zitafutwe hadi likapatikana jiwe la granaiti lisilochongwa, la tani 6 hivi, refu zaidi ya mita 3.5, linalofanana na mawe yaliyosimamishwa na watu wa kale kabla ya Ukristo. Juu yake yamechongwa maneno machache: jina lake, kisha Bula Matari, kisha 1841–1904, kisha Africa, na msalaba juu. Bula Matari ni Kikongo: mvunja mawe. Jina hilo alipewa wakati wa kupasua njia kando ya maporomoko ya mto Kongo, na wasomaji wetu wa Kongo hawahitaji kuelezwa kwamba baadaye lilikuja kuwa jina la serikali yenyewe, ile ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, ya mjeledi na mpira. Hivyo katika nyasi za Surrey kuna jiwe lenye neno la Kibantu ambalo mjane alilichonga kwa upendo, na ambalo mtu wa Matadi akilisoma anaweza kusikia kilio cha babu yake. Jiwe ni lile lile. Mimi nimesimama mbele yake na wageni wa pande zote mbili na sijawahi kumwambia yeyote kwamba anakosea.

Hapa nifike kwenye jambo ambalo hukuliuliza, ila nadhani ndilo lililo nyuma ya swali la wanafunzi wako. Jiwe la kumbukumbu husema kile alichotaka aliyelilipia, na hukaa mahali ambapo aliyelilipia alikuwa na haki. Ukilijua hilo, hutashangaa kwamba huwaoni waliotembea.

Sidi Mubarak Bombay alikuwa Myao, akakamatwa akiwa mtoto, akauzwa Kilwa kwa vitambaa, akapelekwa India, akapata uhuru bwana wake alipofariki, akarudi Zanzibar. Alitembea na Speke safari zote mbili, wakizungumza Kihindustani kwa kuwa ndiyo lugha waliyoshirikiana, akafika naye hadi Cairo. Akatembea na Stanley kumtafuta Livingstone mwaka 1871. Akavuka bara zima na mpelelezi Mwingereza Verney Lovett Cameron kati ya 1873 na 1875. Chama cha Jiografia kilimpa medali ya fedha na baadaye pensheni. Lakini kaburi la Speke lilikuwa la akina Speke, na la Stanley lilikuwa la mjane wake. Bombay hakuwa na haki kwenye sakafu ya ukoo wala kwenye nyasi za parokia. Hata Westminster, kwenye jiwe la Livingstone, maandishi yanasema mwili uliletwa na mikono mwaminifu kupita nchi kavu na bahari. Mikono hiyo ni ya Chuma, Susi, Jacob Wainwright na wenzao waliotembea na maiti kutoka Zambia ya leo hadi Bagamoyo. Mikono imetajwa, wenye mikono hawakutajwa.

Kuna Waafrika wachache waliopata jiwe katika kanisa la kijiji, na wenyewe wanaithibitisha kanuni hiyo. Huko Henbury, kijiji ambacho sasa kimemezwa na Bristol, karibu kabisa na anakokaa mdogo wako, yupo kijana aliyeitwa Scipio Africanus, mtumishi mtumwa wa Earl wa Suffolk (Earl ni cheo cha bwana mkubwa), aliyefariki tarehe 21 Desemba 1720 akiwa na miaka 18. Ana mawe mawili, la kichwani na la miguuni, yamepakwa rangi, na malaika waliochongwa juu yake wana nyuso nyeusi. Shairi lake linamfanya aseme kwamba alizaliwa mpagani na mtumwa, na sasa amelala usingizi mtamu wa Mkristo. Ni maneno ya mabwana wake. La kwake mwenyewe hatuna hata moja, hata jina la mama aliyemzaa. Juni 2020, siku chache baada ya sanamu ya mfanyabiashara wa watumwa Edward Colston kuangushwa Bristol, watu walilivunja jiwe hilo kwa kulipiza kisasi. Mtoto aliyekwisha lala miaka 300 akaadhibiwa kwa ugomvi wa walio hai. Nenda ukamsalimie. Ni nusu saa tu kwa basi kutoka mjini, na nafikiri utamkumbuka kuliko Speke.

Basi, mambo ya safari. Dowlish Wake iko karibu na mji mdogo wa Ilminster. Stesheni ya treni iliyo karibu ni Crewkerne, ila kwa gari kutoka Bristol ni rahisi zaidi. Nyumba nyingi za eneo lile ni za jiwe la rangi ya asali, na kuna daraja dogo la zamani la mawe lililojengwa kwa ajili ya farasi wa mizigo. Hapo unaweza kula chakula chako. Makanisa ya vijijini mengine hushinda wazi, mengine hufungwa, kwa hiyo tafuta tangazo mlangoni linaloeleza nani ana ufunguo. Usiende Jumapili asubuhi ila kama unakwenda kusali, na ukienda kusali watafurahi kuliko unavyodhani, maana mara nyingi waumini wenyewe hawazidi vidole vya mikono miwili na kila mgeni anaonekana.

Beba tochi. Maandishi yaliyofifia hayasomeki kwa mwanga wa mbele. Weka tochi pembeni kabisa, karibu ilale juu ya jiwe, na kila herufi itatupa kivuli chake na kujitokeza. Usipake chaki, usisugue kwa brashi, usimwage maji. Nimeona jiwe la karne ya 18 likimeguka ganda zima kwa sababu mtu alitaka picha nzuri.

Kisha utoke nje, uzunguke. Angalia ardhi ya uwanja ilivyo juu kuliko njia ya kuingilia, kwa makanisa mengi ya zamani ndivyo ilivyo: ni vizazi juu ya vizazi vilivyozikwa pale pale, kaburi juu ya kaburi, watu wa kawaida ambao kabla ya karne ya 17 hawakuwa na jiwe kabisa. Kila mkazi wa parokia alikuwa na haki ya kuzikwa katika uwanja huo. Jiwe ndilo halikuwa haki. Wengi wao wamelala miguu mashariki, wakimngojea Bwana atokee upande wa jua. Katika kuta au karibu na lango utakuta pia kumbukumbu ya vijana wa kijiji waliokufa vita vya 1914 hadi 1918. Kijiji kikawa na orodha ambayo kwa mara ya kwanza mtoto wa mkulima na mtoto wa bwana waliandikwa pamoja, mara nyingi kwa alfabeti.

Na kama unataka kitu cha kuwaletea wanafunzi ambacho watalii hawakipigi picha, uliza habari za daftari la maziko. Tangu 1538, kwa amri ya Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, kila parokia ya Uingereza iliagizwa kuandika ubatizo, ndoa na maziko. Madaftari ya zamani ya parokia za Somerset hutunzwa katika kituo cha kumbukumbu za mkoa, Taunton. Kuanzia 1813 daftari la maziko likawa na fomu iliyochapwa, sawa kwa nchi nzima: jina, makazi, tarehe ya kuzikwa, umri, na sahihi ya kasisi. Maziko manane kwa ukurasa, kila moja katika mstatili wenye upana ule ule, awe aliyelala chini ya marumaru au mtoto wa kibarua aliyekufa kwa homa. Omba ukurasa wa Septemba 1864, na usome pia waliomtangulia na waliomfuata.